Ritungu la Tarime si litungu la Bungoma

Mkurya aliye Uingereza au Marekani akitafuta mtandaoni sauti ya ritungu la kwao Tarime au Serengeti, ataletewa pia litungu la Wabukusu wa Bungoma, Kenya, kana kwamba ni kinubi kimoja. Majina ni ndugu kweli: iritungu la Kikurya na litungu la Kibukusu yana shina moja. Lakini ala zenyewe zimeachana. Ritungu ni kubwa, lina nyuzi nane, na sauti yake hunguruma chini kabisa. La Wabukusu ni dogo, kwa kawaida lina nyuzi saba, na sauti yake iko juu. Kwa umbo na mngurumo, ndugu wa karibu wa ritungu ni obokano ya Wagusii, nayo pia ina nyuzi nane. Tena Kigusii kiko karibu zaidi na Kikurya kuliko Kibukusu kilivyo, ila jina la kinubi ni tofauti kabisa. Hapo ndipo ninaposema jina peke yake si ushahidi wa ala. 

Wapo wasemao tuite zote zeze, yaishe. Hayaishi, kwa sababu zeze la Wagogo hupigwa kwa upinde, ilhali ritungu hudonolewa kwa vidole vya mikono yote miwili. Hoja yao nzito zaidi ni kwamba mafundi hawachongi kwa kipimo kimoja, na kila mpigaji ana mlio wake: huzungusha nyuzi pale zilipoviringishwa, kwenye mti wa juu unaounganisha mikono ya kinubi, hadi zikubaliane na koo lake. Ni kweli, na ndiyo maana jina haliwezi kubeba habari yote. Unaporusha rekodi ya mzee wa kwenu, andika jina analolitumia mwenyewe, kijiji na wilaya, idadi ya nyuzi, na nyuzi zenyewe ni za mishipa ya ng'ombe au za nailoni. Muulize angali hai.