Nani Anasema Ndani ya Kiputo?

Tuchukue visanduku viwili vinavyofuatana. Katika cha kwanza mtu ameinua shoka mbele ya mti. Katika cha pili mti umelala chini, ndege wametawanyika. Pigo lenyewe halikuchorwa popote. Limetokea kwenye mwanya mweupe kati ya visanduku, na aliyelipiga ni msomaji. Hapo hadithi ya picha, au bede kama tunavyozoea kuiita, inaachana na sinema: sinema huonyesha mwendo, bede hutuachia sisi.

Maneno nayo hayana budi kubana. Mchoraji anayeandika “Nakimbia!” juu ya mtu anayekimbia amepoteza nafasi bure. Lakini kwetu sisi watu wa lugha, kiputo kina swali zito zaidi: mhusika amepewa lugha gani?

Tazama Tintin au Congo ya Hergé. Albamu ilitoka mwaka 1931, ikachorwa upya kwa rangi mwaka 1946. Somo ambamo Tintin anawaeleza watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji liliondolewa, likawekwa la hesabu. Kifaransa kilichovunjika vinywani mwa Wakongo kikabaki. Kwangu hilo ni baya kuliko mchoro wowote wa dharau, kwa sababu picha tunaitazama tu, ila kiputo tunakisoma kwa sauti ya ndani: msomaji ndiye anayemsemesha mhusika vibaya.

Mjini Kinshasa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Papa Mfumu’eto alijaza viputo vya vijitabu vyake Kilingala cha mtaani. Kisa chake kimoja mashuhuri ni cha mtu anayegeuka chatu, akammeza mwanamke, akatapika dola. Chatu huyo ni nani? Wasomaji wa siku za mwisho za Mobutu hawakukosa wa kumfikiria. Mwanya tena.

Na Kiswahili cha Lubumbashi je? Mama muuza samaki wa soko la Kenya akisema “ninakwenda” badala ya “niko naenda”, wenyeji watajua mara moja kwamba mchoraji hakumsikiliza. Najua baadhi ya walimu wetu watadai Kiswahili sanifu. Kiwekwe basi katika kisanduku cha msimulizi, pale juu. Kiputo ni cha mama.