Ugogo na Watu Wake (6): Aliyeshika Ncha ya Fimbo

Oktoba 1 imepita, na Siku ya Wazee Duniani imepita nayo. Hotuba zimesomwa, shinikizo la damu limepimwa chini ya maturubai, zawadi zimegawiwa. Sina neno baya juu ya hayo. Siku hii iliyotengwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa azimio la Desemba 14, 1990, imetufundisha kumwona mzee anayejiweza, anayeandamana kwa miguu yake na kuimba kwa sauti yake. Ninayemlilia mimi ni mtu ambaye kila mwaka hayupo uwanjani. Amebaki nyumbani, anamwogesha mzee asiyeweza kuandamana.

Wanaonifuatilia tangu mwanzo wanakumbuka makala ya muheme, ngoma inayopigwa na wanawake wa Kigogo wakiwa wameibana katikati ya mapaja. Asili yake katika unyago siirudii. Naongeza hili tu: nenda Chamwino Ikulu wakati wa tamasha la muziki wa Wagogo, linalofanyika tangu 2009, uangalie nani anashika mdundo. Wasichana wanacheza vizuri, mabega na shingo vinasema. Lakini mdundo unapotaka kuwaponyoka, macho yote yanamgeukia mama mtu mzima mwenye wajukuu, pengine na vitukuu. Mama huyo hakualikwa kwa kuonewa huruma. Ameitwa kwa sababu bila yeye ngoma haiendi. Mathias Mnyampala naye, mwana wa Ihumwa, asingeweza kuandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kitabu kilichotoka 1954, kama wazee wasingekubali kuketi naye na kumweleza. Heshima ya mzee anayejiweza ni hiyo: kuhitajiwa. Zawadi ya blanketi ni jambo jema, lakini ni jambo jingine.

Sasa niwapeleke Kongwa, wilaya ya hapa Dodoma, maana habari za wazee wa Ugogo haziwezi kuelezwa bila kutaja macho. Wengi wanaijua Kongwa kwa karanga za Waingereza, mradi ulioanza 1947 ukafa 1951, au kwa kambi ya wapigania uhuru iliyofunguliwa 1964. Hayo tumekwisha kuyasoma katika sehemu ya tatu. Kongwa ninayoipenda mimi, na ambayo naamini imeifaa dunia kuliko karanga zote zilizokusudiwa kuvunwa pale, ni Kongwa ya uso wa mtoto.

Vikope, ambavyo waganga huviita trakoma, huletwa na bakteria. Mtoto huambukizwa, akapona, akaambukizwa tena, na tena. Kila mara hubaki kovu ndani ya kope la juu. Miaka inakwenda. Kovu linajikunja, ukingo wa kope unageukia ndani, na nywele zake zinaanza kukwangua kioo cha jicho. Mtu akipepesa, anajikwangua. Na binadamu hupepesa mchana kutwa. Hatimaye kioo kinafanya ukungu. Upofu unamfika mtu akiwa mzima au mzee, kwa ugonjwa uliomwanza akiwa bado anatambaa. Ndiyo maana nasema habari hii ni ya wazee, ingawa inaanzia kwa watoto.

Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, akiwamo Sheila West, wakishirikiana na Watanzania, walifanya kazi katika vijiji vya Kongwa. Swali lao lilionekana dogo: je, kunawisha watoto uso kunazuia vikope? Jibu lilichapishwa 1995 katika jarida la Lancet. Katika vijiji ambako wazazi walihamasishwa, watoto ambao nyuso zao ziliendelea kuwa safi walipungukiwa na vikope vikali. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya trakoma una mikono minne: upasuaji, dawa, uso safi na mazingira safi. Mkono huo wa tatu umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kazi ya Kongwa. Mtoto anayenawishwa leo katika nchi za mbali anafaidi yaliyojifunzwa hapa kwetu, na natamani shule zetu za Dodoma zilifundishe jambo hili.

Walijifunza pia juu ya maji. Kiangazi cha Ugogo sote tunakijua: kuanzia Mei mpaka mvua za mwisho wa mwaka, mwanamke anachimba mchanga wa korongo na kuteka kwa kata, akisubiri maji yajikusanye. Mtu wa mbali angedhani uso mchafu unatokana na umbali wa kisima tu. Haikuwa hivyo. Nyumba mbili zenye umbali uleule wa maji zingeweza kutofautiana kabisa, kwa sababu jambo lililoamua lilikuwa namna familia inavyoyagawa maji ndani: ya kupikia, ya ndama, ya kuoga, ya mtoto. Akina mama wengi waliamini kunawisha uso kunamaliza maji mengi, hadi walipooneshwa kwamba maji kidogo sana yanatosha nyuso nyingi. Na baba naye alikuwa na kauli katika mgawo huo, ingawa ndoo haikuwahi kukaa kichwani pake.

Mwaka 1993 ulikuwa umechapishwa utafiti mwingine wa huku kwetu, ambao kwangu ndio mzito kuliko yote. Ulionesha kwamba mwanamke anayelea watoto wenye vikope naye huwa navyo kuliko mwanamke asiye na watoto wa kulea. Tafiti za nchi nyingi zimethibitisha matokeo yake uzeeni: wanawake hupata kope zilizogeuka karibu mara mbili ya wanaume. Naomba msomaji alipime hilo. Mama amembeba mtoto, amemfuta kamasi na tongotongo kwa pindo la kanga, na kwa pindo hilohilo amejifuta jasho usoni. Amefanya hivyo kwa wanawe, kisha kwa wajukuu aliowalea wazazi wao walipokwenda kutafuta kazi mjini. Miaka 40 baadaye hamwoni aliyemlea. Macho yake ameyatoa katika kulea. Nchi inayompa kiti cha mbele Oktoba 1 ingepaswa kwanza kulijua deni hilo.

Na akishapofuka, nani anamwongoza? Mjukuu. Mzee anashika mwisho mmoja wa fimbo, mtoto anashika ncha ya mbele, wanakwenda. Mwaka 1950 ilifunguliwa Buigiri shule ya watoto wasioona, nayo ni fahari ya mkoa huu. Mtoto asiyeona amejengewa shule. Mtoto anayeona, aliyeshika fimbo ya bibi, anaweza kukosa shule kwa sababu bibi hana mwingine. Wenyeji wa Dar es Salaam wamewaona wawili hawa barabarani kwenye taa za magari, mzee asiyeona na mtoto mbele yake, wakawataja kabila na kuwacheka. Kicheko hicho ni dhambi. Aliyewacheka alikuwa akitazama ugonjwa unaozuilika na mtoto wa umri wa kwenda shule anayefanya kazi ya uuguzi bila mshahara, bila likizo na bila kupokewa zamu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba kope zilizogeuka zinatibika. Upasuaji wake ni mfupi, hufanywa kwa ganzi ya sehemu, na mtu hurudi nyumbani siku ileile. Watafiti wa Kongwa walishangaa kuona wanawake wengi walioambiwa waende hawakwenda. Walipoulizwa, majibu yao hayakuwa ya kuogopa kisu tu. Hawakuwa na nauli. Hawakuwa na wa kumwachia watoto. Hawakuwa na wa kuwasindikiza. Mlezi hakupata mlezi wa kumpokea kwa siku moja, akapofuka. Hospitali ya Mvumi ilikuwa na idara ya macho iliyosifika tangu miaka ya 1970, alipokuwapo daktari Allen Foster, kwa hiyo utaalamu ulikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kubaki nyumbani na watoto.

Wapo watakaoniambia kwamba zamani hayo hayakuwako, ukoo ulitosha. Ukweli una pande zake. Katika tembe, nyumba ile ndefu ya paa la udongo iliyozunguka ua, mikono ilikuwa mingi: wake wenza, wakwe, mabinti, majirani wa ukutani. Mzee aliweza kulishwa na huyu, akageuzwa na yule. Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 ilitutoa katika maboma yaliyotawanyika ikatukusanya vijijini, na kila familia ikapata kiwanja chake na nyumba yake ndogo. Tulipata shule na zahanati karibu, nami ni mmoja wa waliofaidi. Lakini mikono ya ua mmoja ilitengana. Na hata katika enzi za tembe, ukoo ulitosha mvua ziliponyesha. Katika Mtunya, njaa kuu ya 1917 hadi 1920, walikufa watu wapatao 30,000 kati ya 150,000, na ukoo haukuweza kumwokoa mtoto wala mzee. Hiyo ni habari ya makala ijayo. Ninalotaka lieleweke leo ni kwamba kumtunza mzee hakujawahi kuwa tabia njema peke yake. Siku zote kumekuwa kazi, na kazi hiyo imefanywa na wanawake.

Nirudi kwenye Oktoba yetu. Sensa ya 2022 ilionesha kwamba wenye umri wa miaka 60 na zaidi ni asilimia 5.7 ya Watanzania, karibu watu milioni 3.5. Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka 2003. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa pensheni jamii kila aliyetimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye zikapandishwa kuwa 50,000. Bara tuna dirisha la wazee hospitalini, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Yote hayo yanamhesabu mzee. Hakuna linalomhesabu anayemtunza.

Mfano ulio karibu nasi ni Chamwino. Mwaka 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulijaribu huko, na katika wilaya za Bagamoyo na Kibaha, mpango wa kuzipa kaya maskini fedha kila baada ya miezi miwili. Vijiji 80 viliingia katika jaribio, nusu vikaanza kwanza. Kiwango kilihesabiwa kwa watoto na kwa wazee waliotimiza miaka 60, na mzee alipaswa kwenda kliniki angalau mara moja kwa mwaka. Mpango ulifaa: watu walijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, watoto walivaa viatu. Ila mzee asiyeona haendi kliniki peke yake. Aliyemsindikiza aliacha shamba la uwele siku nzima, na katika hesabu ya ruzuku hakuwa mtoto wala mzee, kwa hiyo hakuwa na fungu.

Nisemalo kwa viongozi ni dogo. Mtendaji wa kijiji anapoandika daftari la wazee, aandike na jina la anayemtunza kila mzee asiyejiweza. Akiwa mtoto, mwalimu mkuu aarifiwe. Siku ya upasuaji wa macho inapotangazwa, kijiji kipange nani atabaki na watoto na nani atasindikiza, kama tunavyopanga zamu za msibani. Hilo halihitaji bajeti ya wizara.

Na kwa vijana wangu wa Ugogo, maana kwangu mimi hata mwenye miaka 50 ni kijana, nina neno zito zaidi. Tangu serikali ihamie Dodoma, wengi wenu mmepata kazi na viwanja, mmejenga Ilazo, Nkuhungu na Kisasa. Mama yuko Mvumi au Mlali, mwendo wa saa chache. Mnatuma fedha kwa simu, na ni vizuri. Lakini mke wa mdogo wako aliyebaki kijijini ndiye anayeamka usiku kumgeuza mama ili asipate vidonda vya kulala, na ndiye unayemuuliza kwa ukali fedha zimekwenda wapi. Nenda ukae na mama juma moja, umwache shemeji yako akalale kwao. Beba maji. Fua mashuka. Ukirudi mjini hutauliza tena swali lile.

Jambo la mwisho ni la leo hii. Ukimwona mama au bibi yako anang'oa kope kwa kibano, akifuta machozi na kukimbia mwanga wa jua, hizo ni kope zilizogeuka. Usingoje Oktoba. Uliza zahanati ya kijiji siku ya huduma ya macho, na siku hiyo umsindikize wewe mwenyewe.