Baa ya Lord Glenconner katikati ya Pitons

Pwani ya kusini-magharibi ya St. Lucia, kisiwa cha Karibi, ina milima miwili iliyochomoza kutoka baharini: Gros Piton, mita 770, na Petit Piton, mita 743. Kati yake pana ghuba ndogo. Miaka ya 1990 ilimkuta hapo Mwingereza mmoja, ofisa wa zamani wa jeshi, akiendesha mgahawa na baa vilivyoitwa Bang Between the Pitons. Alikuwa Colin Tennant, Lord Glenconner wa tatu.

Alizaliwa mwaka 1926 katika ukoo wa Kiskoti uliotajirika kwa kemikali. Babu yao, Charles Tennant wa Glasgow, ndiye aliyesajili hataza ya unga wa kung'arishia nguo mwaka 1799. Colin alipotoka shule ya Eton aliingia kikosi cha Irish Guards, kisha akaenda kusoma Oxford. Mwaka 1956 alimwoa Lady Anne Coke.

Jina lake lilivuma kwa sababu ya Mustique, kisiwa cha Grenadines alichokinunua mwaka 1958 kwa pauni 45,000. Palikuwa mahali pa mbu wengi, mashamba ya pamba yaliyochoka na maji ya shida. Miaka miwili baadaye alimpa Princess Margaret kiwanja cha ekari kumi kama zawadi ya harusi, na matajiri wakaanza kumfuata binti mfalme. Lakini mwanzilishi mwenyewe fedha zilimwishia. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 uongozi wa kisiwa ulikuwa umemtoka mikononi.

Akahamia St. Lucia, akanunua shamba la zamani la Jalousie karibu na Soufrière, mji mdogo wa wavuvi na wakulima ulioanzishwa na Wafaransa mwaka 1746. Humo alifuga hata tembo, aliyeitwa Bupa. Sehemu kubwa ya shamba iliingia mikononi mwa wawekezaji, na mwaka 1992 hoteli ya kifahari ikafunguliwa ghubani. Mshairi Derek Walcott, mzaliwa wa kisiwa hicho, alikuwa ameupinga mradi huo hadharani. Mwaka huohuo wa 1992 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Walcott alikuwa na haki. Bonde lile lilikuwa uso wa nchi nzima, na kulikabidhi kwa hoteli moja lilikuwa jambo zito ambalo wenyeji walistahili kulijadili kwa muda mrefu zaidi. UNESCO iliiweka milima hiyo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004, hoteli ikiwa tayari imesimama.

Bang ilikuwa kitu cha namna nyingine, na pengine ndiyo kazi ya Glenconner iliyolingana zaidi na mahali ilipokuwa. Majengo yalikuwa vibanda vya mbao vya Kikrioli, vyenye nakshi kwenye kingo za paa na rangi za kuchangamka. Mwenyewe alionekana amevaa nguo nyeupe za pamba na kofia pana ya ukindu. Mgeni aliyelala hotelini angeweza kula mbali na chumba cha chakula cha hoteli, akakaa kwenye benchi la mbao na kuonja upishi wa kisiwa.

Upishi huo hauwezi kumshangaza mtu wa Unguja au Pemba. Chakula cha taifa cha St. Lucia ni ndizi mbichi za kuchemsha pamoja na samaki wa chumvi aliyerowekwa, akachambuliwa na kukaangwa kwa vitunguu na pilipili. Kuna shelisheli la kuchoma, majimbi, na mchuzi mzito wenye nyama na viazi vikuu. Kinywaji kikuu ni ramu, urithi wa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa kutoka Afrika. Duka dogo la ramu ndilo baraza la kila kijiji: humo hupigwa domino, huzungumzwa siasa, na Kikrioli cha asili ya Kifaransa husikika zaidi kuliko Kiingereza cha ofisini.

Biashara ya aina hii hufuata majira. Wageni hujaa kuanzia Desemba hadi Aprili. Juni hadi Novemba ni msimu wa vimbunga, na meza hubaki tupu. Katika miezi hiyo mgahawa hautegemei umaarufu wa mwenye nyumba. Unategemea mvuvi anayeleta samaki asubuhi, mpishi asiyeondoka, na jirani anayekuja kunywa bila kuwa mtalii.

Glenconner alifariki St. Lucia tarehe 27 Agosti 2010. Wosia wake wa mwisho ulikuwa umeandikwa muda mfupi kabla ya kifo, na mali yote ya kisiwani ilikwenda kwa mtumishi wake, mzaliwa wa St. Lucia aliyemhudumia kwa miaka mingi. Familia ya Uingereza ilikwenda mahakamani, na shauri hilo lilichukua miaka kadhaa kabla ya pande hizo mbili kukubaliana kugawana.