Betri ya Mashua: Ipimeni Kabla ya Kumlaumu Mtu



Wako wenzetu waliojifunza ufundi kwenye matrekta ya miwa na malori ya kiwanda, kisha wakaenda kufanya kazi ya mashua katika Ziwa Victoria. Huko hukuta jambo la kushangaza. Betri ya trekta ilidumu miaka, lakini ya mashua ya tanga yafa kila baada ya miezi michache. Tajiri hununua nyingine, nayo yafa. Mwisho hutafutwa mtu wa kulipa, naye huwa ni baharia. Twamjua mwenzetu aliyekatwa mshahara wa miezi miwili kwa ajili ya betri isiyokuwa na kosa lo lote. Kosa lilikuwa waya mmoja ulioliwa na kutu.

Kwa hiyo twaeleza hapa namna ya kutafuta kosa, ili kila mmoja aweze kujitetea.

Kwanza yafaa kufahamu tofauti. Injini ya trekta huzunguka kutwa, na alteneta yake hujaza betri muda wote huo. Mashua ya tanga huwasha injini dakika 20 tu kutoka gatini, kisha upepo hushika kazi. Lakini taa, redio na pampu ya kutoa maji huendelea kula umeme. Tufanye hesabu. Vyombo vinavyokula ampea 3 kwa saa 10 vimekula ampea-saa 30. Alteneta ya ampea 30, hata ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, kwa dakika 20 hurudisha 10 tu. Basi usiku mmoja umeacha deni la 20. Betri ni kama daftari la duka: anayekopa kila siku bila kulipa hufilisika. Tena betri ya asidi ikikaa na deni, salfeti huganda juu ya bamba zake za risasi, nayo haijai tena kama zamani. Betri ya ampea-saa 100 isitumiwe zaidi ya nusu yake.

Sasa twende hatua kwa hatua. Vipimo hivi ni vya betri ya asidi ya volti 12. Betri za lithiamu zina vipimo vyake.

1. Betri yenyewe. Zimeni kila kitu, iacheni ipumzike saa kadhaa, kisha pimeni. Volti 12.6 au zaidi kidogo, imejaa. Volti 12.2, imebaki karibu nusu. Volti 11.8, imekwisha. Kama ina vifuniko, tazameni maji ndani. Bamba lazima zifunikwe. Ongezeni maji safi yaliyotoneshwa tu. Msiongeze asidi wala maji ya ziwa.

2. Vichwa vya betri na waya. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa huzuia umeme usipite. Fungueni, sugueni kwa msasa mpaka chuma king'ae, kazeni vizuri, kisha pakeni grisi juu. Makosa mengi huishia hapa, na dawa yake ni msasa wa bei ndogo.

3. Alteneta. Tazameni kama mkanda umelegea. Washeni injini, pimeni kwenye vichwa vya betri. Volti zikiwa kati ya 13.8 na 14.4, yachaji. Zikibaki 12 na kitu, haichaji. Zikipita 15, kidhibiti kimeharibika na betri yachemshwa. Halafu pimeni kwenye alteneta yenyewe: ikizidi betri kwa zaidi ya nusu volti, umeme wapotea njiani, katika waya au kiungo.

4. Umeme unaovuja. Zimeni injini na vyombo vyote, fungueni waya wa hasi, na unganisheni taa ndogo ya kupimia kati ya waya huo na kichwa cha betri. Ikiwaka, kuna chombo kinachokula umeme kwa siri. Toeni fyuzi moja moja. Itakayoizima taa ndiyo ya chombo chenye kosa.

5. Sola. Mashua nyingi siku hizi zina paneli, na ni msaada mkubwa wa kulipa lile deni. Lakini kivuli cha tanga au cha mlingoti kikiangukia sehemu tu ya paneli, umeme hupungua sana. Tafuteni mahali penye jua, na futeni kinyesi cha ndege.

Hadhari. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Sigara na cheche ziwe mbali, na hewa ipite. Fungueni waya wa hasi kwanza, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Msifungue betri wakati injini inazunguka, maana alteneta yaweza kuungua. Asidi ikiingia machoni, osheni kwa maji mengi safi kwa dakika 20, kisha mpelekeni mtu hospitali. Miwani na glavu ni wajibu wa mwajiri kuvitoa, si zawadi.

Ndugu, taa za mashua si pambo. Nyekundu ya kushoto, kijani ya kulia na nyeupe ya nyuma ndizo zinazomwambia mwenye meli kwamba mbele yake wamo watu. Betri ikifa usiku, walio hatarini ni mabaharia; tajiri amelala kwake.

Kwa hiyo wekeni daftari ndani ya mashua. Kila asubuhi andikeni volti, saa za injini na vyombo vilivyotumika. Mwajiri akitaka kumkata mtu mshahara, ombeni kwanza vipimo visomwe mbele ya wote, mwakilishi wa chama akiwapo. Maneno matupu hukanushwa, lakini tarakimu zilizoandikwa kila siku ni vigumu kuzikana.