Kabla ya Kufunga Rimu Kubwa

Lusahunga, wilayani Biharamulo, ni njiapanda ambayo madereva wengi wa masafa marefu wa Kanda ya Ziwa huipitia. Anayetoka Nyakanazi akifika hapo ana njia mbili: moja inaelekea Biharamulo mjini na kuendelea hadi Bukoba, nyingine inapita Nyakahura na Benako kwenda mpaka wa Rusumo, umbali wa kilomita 92 hivi. Malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana. Katikati yao hutokeza magari madogo yenye mbio: Altezza, Mark X, Subaru Impreza. Baadhi yamefungwa rimu za inchi 18 au 19, na mpira uliozizunguka ni mwembamba kama mkanda wa suruali.

Kupenda gari lipendeze si kosa, na rimu kubwa si urembo mtupu. Ubavu wa tairi ukiwa mfupi haupindi sana gari linapokata kona, kwa hiyo usukani hujibu haraka. Tairi pana hushika lami kwa eneo kubwa zaidi. Ndani ya rimu ya inchi 18 hupatikana pia nafasi ya kufunga diski kubwa za breki. Ndiyo maana hata Toyota walipoitoa Altezza RS200 mwaka 1998, waliipa matairi ya 215/45R17 kutoka kiwandani, saizi iliyokuwa kubwa kwa gari la umbo lile.

Jambo la kuamua ni kiasi gani cha kuongeza, na jibu limeandikwa ubavuni mwa tairi. Chukua 205/55R16, saizi iliyozoeleka kwa magari ya aina hii. Namba 205 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 55 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 113 hivi. Namba 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Gurudumu zima, kutoka ardhini hadi juu, lina kimo cha milimita 632.

Sasa ongeza rimu. Tairi la 225/45R17 lina kimo cha milimita 634, na ubavu wake ni 101. La 225/40R18 lina kimo cha 637 na ubavu wa 90. Ukifika 225/35R19, kimo ni 640 na ubavu umebaki 79. Gurudumu limebaki na urefu ule ule, au karibu nao, lakini kila inchi iliyoongezwa kwenye rimu imekatwa kwenye mpira.

Mpira huo ndio unaopokea shimo kabla rimu haijalipokea. Kwenye njia ya malori, lami huliwa na uzito wa ekseli na mashimo hubaki na kingo kali. Mahali barabara inapotengenezwa, dereva hushushwa kwenye mchepuko wa vumbi na kokoto. Ubavu wa milimita 113 hubonyea na kurudi. Ubavu wa 79 hubanwa kati ya ukingo wa shimo na chuma, nyuzi za ndani zinakatika, na jioni dereva anakuta uvimbe umetokeza ubavuni. Tairi lenye uvimbe huo halizibwi kama pancha, hutupwa. Rimu nayo huweza kupinda au kupasuka nyufa nyembamba ambazo hazionekani mpaka ioshwe.

Anayedhani huo ni woga wa watu wa shamba awatazame madereva wa mbio wenyewe. Safari Rally ya Kenya iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, Sébastien Ogier aliishinda akiwa na Toyota Yaris kwenye vumbi na mawe ya Naivasha. Magari ya mashindano hayo hufungwa rimu za inchi 18 yanapokimbia kwenye lami. Kwenye vumbi hushushwa hadi inchi 15, ili ubavu wa tairi uwe mrefu na uvumilie mapigo. Timu zenye fedha na mafundi wa kila aina hupunguza rimu zinapokutana na njia mbaya. Mwenye Altezza anayepita Nyakahura na familia yake ana sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo.

Kwa barabara kama hii, basi, inchi moja juu ya ile ya kiwandani inatosha, bila kuvuka 17. Gari lililotoka na 16 lipewe 17. Lililotoka na 17, kama RS200, libaki nayo, na fedha iende kwenye matairi bora, shokamzoba na alaimenti.

Kimo cha gurudumu zima nacho kisivuke kile cha kiwandani kwa zaidi ya asilimia 2 au 3. Ukiweka 225/45R18 mahali pa 205/55R16, gurudumu linarefuka kwa asilimia 4 na zaidi. Mshale wa spidi ukionyesha 100, gari kwa hesabu hiyo linakwenda 104. Ukionyesha 50 kijijini, limeshapita 50, na askari mwenye tochi hapimi kwa mshale wa dereva.

Baada ya saizi huja suala la rimu kukaa mahali pake, na hapa ndipo rimu za mtumba huwaponza wengi. Altezza ina nati tano kwenye mduara wa milimita 114.3. Impreza WRX za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina nati tano pia, lakini mduara wake ni 100. Kwa macho zinafanana. Kwa kufunga haziingiliani. Hata mduara ukilingana, tundu la katikati huweza kukataa: Toyota za mduara wa 100 zina tundu la milimita 54.1, na kitovu cha Subaru ni 56.1, kwa hiyo rimu haikai. Tundu likizidi ukubwa, rimu hubebwa na nati peke yake, na usukani huanza kutetema kwenye mwendo wa 90 au 100. Dawa yake ni pete ya kuziba nafasi hiyo, yenye vipimo kamili.

Nati zenyewe si za kubadilishana ovyo. Za Toyota zina uzi wa 1.5, za Subaru 1.25, ingawa zote ni za milimita 12. Rimu nyingi za kununua pembeni hutaka nati yenye ncha ya koni, ilhali rimu nyingi za aloi za Toyota hutumia nati yenye wosha bapa. Nati isiyokaa sawasawa kwenye rimu hulegea njiani. Fundi mwangalifu akishafunga, humwambia mteja azikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Gari likiwa bado kwenye jeki, usukani uzungushwe hadi mwisho kila upande, fundi akipitisha vidole kati ya tairi na shokamzoba. Kisha lishushwe, wapande watu wanne, na fundi atazame madigadi ya nyuma. Rimu iliyotokeza nje sana husugua hapo gari linapobeba mzigo, na tairi hukatwa polepole bila dereva kusikia.

Kabla ya kulipa, macho yarudi ubavuni. Baada ya saizi huandikwa namba ya uzito: 91 maana yake tairi moja hubeba kilo 615. Namba 88 ni kilo 560. Kwa matairi manne hiyo ni tofauti ya kilo 220, kwa hiyo namba mpya isishuke chini ya ile ya kiwandani. Tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT hutaja wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri huweza kuwa limezeeka na kukauka ndani.

Limebaki tairi la akiba, ambalo wengi hulisahau. Mafundi wa pancha wa njia hii huona zaidi matairi ya malori, na 225/40R18 si saizi ya kupatikana kila kituo. Mwenye Subaru mara nyingi ana mzigo wa ziada: magurudumu yake yote manne huendeshwa na injini, na kampuni inataka matairi yalingane kwa mzunguko hadi tofauti isizidi milimita 6 hivi, la sivyo difu ya katikati huchakaa. Tairi moja likipasuka, huenda akalazimika kununua manne. Anayenunua rimu anunue tano za saizi moja, na ya tano iende kwenye buti pamoja na jeki na spana inayoingia kwenye nati mpya.