Bwawa la Kijani Linalolinda Ziwa

Je, wajua kwamba Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, halina samaki chini ya mita 200 hivi? Huko hakuna oksijeni. Ndakala na mikebuka huishi tabaka la juu, na samaki wa rangirangi wanaokula mwani kwenye miamba ya Moba, mji wa ufukoni nchini Kongo (DRC), hukaa karibu kabisa na ufuko, katika ukanda uleule ambamo mito humwaga maji yake. Wengi wao hawapatikani penginepo duniani. Tena ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie, na maji yake huchukua karne kadhaa kubadilika yote.

Kwa hiyo majitaka yakifika mtoni, yamefika ziwani. Yanaleta vijidudu, kikiwemo cha kipindupindu, ugonjwa usiokoma katika jimbo la Tanganyika. Yanaleta pia mabaki yanayooza, na kuoza hula oksijeni ambayo samaki wanaihitaji.

Mji mdogo unaweza kujikinga kwa mabwawa matatu yaliyopangwa kwa kufuatana, bila umeme wala dawa. Mlangoni huwekwa wavu wa vyuma wa kunasa matambara na plastiki. Bwawa la kwanza lina kina cha mita 2 hadi 5. Maji yake ni meusi na juu hutokota mapovu ya gesi. Humo uchafu mzito hutuama, na bakteria wasiohitaji hewa huumeng'enya.

La pili ni pana, halizidi sana mita 1.5, na ni kijani kwa mwani. Mchana mwani hutoa oksijeni, bakteria huitumia kula uchafu uliobaki, nao huurudishia mwani kabonidayoksaidi na virutubisho. Wanalishana. Ukiona bwawa hili limegeuka waridi au zambarau, ujue limezidiwa: uchafu umekuwa mwingi kuliko oksijeni.

Katika la tatu, lenye kina cha mita 1 hivi, kazi ni ya jua. Mwale wake hupenya maji haya, na mwani ukifyonza kabonidayoksaidi, pH hupanda kupita 9. Vijidudu vingi vya maradhi hufa. Mayai ya minyoo yamekwisha kuzama katika mabwawa yaliyotangulia. Ndipo maji huruhusiwa kuingia mtoni.

Mabwawa ya aina hii yapo Buterere, Bujumbura, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa hilihili, na Mabogini, Moshi, ambako maji yakishatibiwa humwagilia mpunga. Moba ina jambo moja la kuisaidia: mtaa wake wa Kirungu uko juu, bandari iko chini ufukoni. Penye mteremko, maji hujiendea bila pampu. Na kwa kuwa nyumba nyingi hutumia choo cha shimo, tope la vyoo lingeweza kuletwa kwa gari na kukaushwa kando ya mabwawa.

Kinachobaki ni utunzaji: kusafisha wavu kila siku, kufyeka nyasi za kingo zisifuge mbu, kuondoa tope kila baada ya miaka michache. Ni kazi ya reki, panga na mshahara wa kudumu. Mamlaka ikimlipa kwa uhakika mtu anayeifanya, anakuwa mlinzi wa maji ya kunywa na wa samaki wa kila mvuvi wa pwani hii.