Kofia ya kazini hainunuliwi kwa picha tu

Wengi wetu tuliorudi Burundi kutoka kambi za Kigoma tulivuka mpaka tukiwa na ufundi mikononi na fedha kidogo mfukoni. Wapo waashi, maseremala na wachomeleaji vyuma. Mimi nilisoma Mtabila, kambi iliyofungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na leo nafundisha vijana hapa Makamba. Kila mwaka baadhi yao hutoka darasani na kwenda moja kwa moja karakanani au kwenye ujenzi. Ndiyo maana suala la vifaa vya kinga kazini linanigusa.

Siku hizi vifaa hivyo vinauzwa kwenye simu. Mfanyabiashara wa Mugina au Kobero anaona picha ya kofia ngumu, buti, glavu au miwani, anatuma pesa, na mzigo unatoka Dar es Salaam hadi Manyovu au Kabanga. Jambo hili ni la heri, kwani linaokoa nauli na siku za safari. Lakini kofia si kanga. Kanga ikipauka, hasara ni ya kanga. Kofia ikipasuka, hasara ni ya kichwa.

Mwaka juzi kijana mmoja niliyemfundisha, sasa ni mchomeleaji, aliagiza kofia ya kuchomelea ambayo kioo chake hujitia giza chenyewe moto unapowaka. Alicholetewa kilikuwa kipande cha plastiki nyeusi ya kawaida. Alikifanyia kazi siku moja tu. Usiku macho yalimuwasha kama yaliyotiwa mchanga, asipate usingizi. Mwanga wa kuchomelea huunguza jicho bila kuuma papo hapo; maumivu huja saa kadhaa baadaye. Muuzaji hakupokea simu tena.

Omba picha ya maandishi

Ndugu msomaji, kifaa cha kweli huwa na maandishi juu yake. Kabla ya kutuma pesa, mwombe muuzaji apige picha ya maandishi yaliyo kwenye kifaa chenyewe, si kwenye boksi.

Kofia ngumu itazamwe ndani. Pawe na EN 397, ambacho ni kiwango cha Ulaya, au ANSI Z89.1 cha Marekani, pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Plastiki huzeeka, hasa kwa jua, hata kama kofia haijawahi kuanguka.

Buti ziwe na EN ISO 20345. Kinga ya vidole katika buti hizo hupimwa kwa pigo la jouli 200, karibu sawa na mzigo wa kilo 20 ukianguka kutoka kimo cha mita moja. Alama ya S1 haina kinga ya msumari chini ya soli. S1P na S3 zinayo, na S3 huzuia pia maji. Kwa fundi wa ujenzi, tofauti hiyo ndiyo mguu wake.

Kwa vumbi la saruji na mawe, barakoa ya kitambaa tuliyovaa wakati wa korona haitoshi. FFP1 huzuia angalau asilimia 80 ya chembe ndogo za vumbi, FFP2 asilimia 94 na FFP3 asilimia 99. Herufi CE peke yake isikutulize, maana yeyote anaweza kuichapa. Kwenye barakoa za aina hii hufuatwa na tarakimu nne za taasisi inayosimamia ukaguzi.

Hesabu za mpakani

Wapo wanaodhani kila kinachonunuliwa Tanzania huingia bila ushuru, kwa kuwa Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Sivyo. Utaratibu rahisi wa forodha, kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, unahusu bidhaa zenye asili ya Jumuiya. Kofia iliyotengenezwa China na kununuliwa Kariakoo inabaki kuwa ya China. Ulizia ushuru kabla ya kuagiza, na udai risiti iliyoandikwa aina ya kifaa na kiwango chake. Itakusaidia forodhani, na pia ukihitaji kumdai muuzaji. Mara ya kwanza agiza kimoja, ukikague, ndipo uagize dazeni.

Nani alipe?

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 nayo inampa mwajiri wajibu wa kutoa vifaa vya kinga. Hata hivyo, mafundi wetu wengi wanaambiwa, "Njoo na buti zako," au wamejiajiri wenyewe. Basi fundi aingize gharama ya kinga katika bei ya kazi, kama anavyoingiza misumari na elektrodi. Wenye kipato kidogo waagize pamoja, wagawane gharama ya usafiri.

Wahenga walisema rahisi ghali. Nawe mfanyabiashara, usivushe mpaka kofia ambayo usingempa mwanao apande nayo ghorofani.